Sura ya Nne: Pale Mlima Meru Unapoupita Everest

Kilele cha Mlima Meru, ule unaouona ukiwa mjini Arusha asubuhi mawingu yakishaachia, kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest. Meru una mita 4,562. Everest una mita 8,849. Tarakimu zote mbili ni sahihi, na sentensi ya kwanza nayo ni sahihi.

Anayelisikia hili kwa mara ya kwanza ama hulikataa papo hapo, ama huliweka akiba ili akawatikise wenzake kijiweni. Wachache huuliza swali ambalo ndilo kiini cha sura hii: kimepimwa nini, na kuanzia wapi?

Urefu wa mlima tuliokaririshwa shuleni huanzia usawa wa bahari. Lakini bahari yenyewe haina umbali mmoja na kitovu cha dunia. Dunia inajizungusha, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa bila kuhisi lolote, ilhali aliye kwenye ncha ya kaskazini anageuka tu hapo hapo alipo. Mzunguko huo umeitanua dunia kiunoni na kuibonyeza kwenye ncha zake, mfano wa chenza. Kutoka kitovuni hadi usawa wa bahari kwenye ikweta ni kilomita 6,378. Kutoka kitovuni hadi usawa wa bahari kwenye ncha ni kilomita 6,357. Hizo kilomita 21 za tofauti ni zaidi ya mara mbili ya kimo cha Everest.

Sasa chukua kalamu. Everest uko nyuzi 28 kaskazini mwa ikweta, ambako usawa wa bahari umeshashuka kwa karibu kilomita tano. Meru uko nyuzi tatu na ushei kusini, na haujapoteza hata mita mia moja. Ukijumlisha, kilele cha Everest kiko kilomita 6,382.3 kutoka kitovuni, cha Meru kilomita 6,382.6. Mlima Kenya, uliokalia ikweta karibu kabisa, unafika 6,383.3. Kilele cha Margherita kule Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, nacho kinaupita Everest. Kilimanjaro unafika 6,384.0, yaani unauzidi Everest kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Bingwa wa kipimo hiki ni Chimborazo wa Ecuador, mlima wa mita 6,263 ambao watu wengi nje ya Amerika Kusini hawajausikia, na Kilimanjaro unaachwa nao kwa mita mia nne na kitu tu.

Binadamu walijuaje kwamba dunia ina kiuno kipana? Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa, Jean Richer, alifika Cayenne, karibu na ikweta, akiwa na saa yenye uzito unaoning'inia na kubembea. Saa hiyo ilikuwa imerekebishwa barabara Paris. Huko Cayenne ikaanza kuchelewa dakika mbili na nusu kila siku, na ikabidi aufupishe ule mning'inio ndipo ikae sawa. Uzito ulikuwa ukibembea polepole zaidi kwa sababu mvutano wa dunia pale ni mdogo kidogo: mahali pale pako mbali zaidi na kitovu, na mzunguko wa dunia nao unapunguza uzito wa kila kitu. Isaac Newton aliitumia habari hiyo kutetea hoja yake kwamba dunia imebonyea kwenye ncha. Wafaransa wengine hawakukubali, na katika miaka ya 1730 ikabidi itumwe misafara miwili kwenda kupima, mmoja Lapland kaskazini mwa Ulaya, mwingine nchi ambayo leo ni Ecuador. Newton alikuwa amesema kweli. Kwa maoni yangu ile saa iliyochelewa inashangaza kuliko mlima wenyewe, lakini huwezi kuisimulia kwa sentensi moja, na ndiyo maana haisimuliwi.

Kuna pia kipimo cha tatu. Mauna Kea wa Hawaii una mita 4,207 tu juu ya bahari, lakini ukianza kuuhesabu kutoka sakafu ya bahari ulikoota, unazidi mita 10,000. Hili mimi silipendi sana, maana mahali hasa unapoanzia mguu wa mlima chini ya maji ni jambo la kubishaniwa. Hata hivyo, milima mitatu inapewa cheo cha kuwa mrefu kuliko yote, na katika wanaokitoa hakuna mwongo. Kila mmoja ameshika utepe wake na kuuanzia anapotaka.

Sasa jiulize ni nani anayeshangaa. Mtoto ambaye hajapata kusikia habari za Everest hashangazwi na Meru hata kidogo. Kwake hiyo ni tarakimu kama tarakimu nyingine. Anayeshangaa ni aliyefundishwa, aliyekuwa na jibu tayari kichwani. Mwaka 1994 mtaalamu wa uchumi na saikolojia wa Marekani, George Loewenstein, aliandika kwamba udadisi huamka mtu anapoona pengo katikati ya yale anayoyajua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis walikwenda mbali zaidi mwaka 2014: waliwauliza watu maswali ya chemsha bongo, wakawachelewesha kidogo kabla ya kuwapa jibu, na katika kusubiri huko wakawaonyesha picha za sura za watu wasiohusika kabisa na swali. Pale hamu ya jibu ilipokuwa kubwa, walizikumbuka vizuri zaidi hata zile sura. Hamu hufungua mlango, na vingi huingia humo pasipo kukaguliwa.

Biashara kubwa imejengwa juu ya mlango huo. Mwaka 1951 Sir Hugh Beaver, mkurugenzi wa kiwanda cha bia cha Guinness, alikuwa akiwinda ndege huko Wexford, Ireland. Kitwitwi mmoja wa dhahabu akampita. Jioni ukazuka ubishi: je, ndege huyo ndiye mwenye kasi kuliko wote wanaowindwa Ulaya? Hakikupatikana kitabu cha kuukata. Beaver akatambua kwamba ubishi wa namna hiyo unawaka kila usiku katika baa ambazo bia yake inauzwa, na kwamba mwenye kitabu cha kuumaliza atapata wateja. Kazi wakapewa mapacha wawili wa London, Norris na Ross McWhirter. Nakala ya kwanza ilijalidiwa tarehe 27 Agosti 1955, na kufikia Krismasi kitabu kilikuwa kikiongoza kwa mauzo Uingereza.

Tarehe 27 Agosti. Sadfa tupu, isiyo na maana yoyote, lakini miaka 59 kamili kabla ya hapo yalitokea Unguja yale ambayo kitabu hicho kiliyafanya kuwa moja ya habari zake zinazorudiwa mno: vita vifupi kuliko vyote duniani. Dakika 38, kilisema. Hebu tuzipime hizo dakika.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Siku ile ile binamu yake, Khalid bin Barghash, aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, na Waingereza walimtaka mtu mwingine, Hamoud bin Mohammed. Wakamwambia Khalid ateremshe bendera na kutoka kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Bandarini, chini ya Admirali Harry Rawson, zilikuwa zimejipanga meli tano za kivita zikilielekea jumba. Ndani yake na kulizunguka walikuwamo watu karibu 3,000, wengi wao raia, watumishi na watumwa.

Saa tatu ikapita. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikalia. Dakika ya 40 bendera ya Sultani ilikuwa chini. Hapo ndipo zinapotoka zile dakika 38: mzinga wa kwanza hadi kuanguka kwa bendera. Wapo wanaoanzia saa tatu kamili, muda wa onyo ulipokwisha, na kumalizia dakika ya 45; hao husema vita vilikuwa vya dakika 45. Wanahistoria hawakugombana kuhusu tukio. Wameanzia tu na kuishia mahali tofauti.

Lakini ipo meli ya Sultani, Glasgow, ambayo baba yake Khalid, Sultani Barghash, aliiagiza Uingereza. Nayo ilipigwa asubuhi ile, na ilizama mnamo saa tano kasorobo, yaani saa nzima baada ya vita "kwisha". Milingoti yake ilibaki imechomoza majini mbele ya mji hadi mwaka 1912. Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani na kukaa humo zaidi ya mwezi mmoja, Waingereza wakiwa wameweka walinzi nje ili akikanyaga tu ardhi ya Unguja wamtie mbaroni. Tarehe 2 Oktoba bahari ilijaa sana, maji yakafika hadi kwenye geti la bustani ya ubalozi. Akapanda mashua ya Wajerumani hapo hapo, mguu wake haukugusa mchanga, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916 katikati ya Vita Kuu, wakampeleka uhamishoni Saint Helena na Shelisheli. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Kwa hiyo vita hivi vina urefu gani? Kwa mizinga, dakika 38. Kwa ugomvi wa kiti, siku mbili. Kwa Khalid, miaka 31. Upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa watu karibu 500. Ukigawa kwa dakika 38 unapata watu 13 kila dakika. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Habari hii husimuliwa kwa kicheko mara nyingi, na kicheko hicho kinaletwa na kile kipimo kilichochaguliwa. Msimuliaji akianza na ile 13 kwa dakika, hacheki mtu, na hajaongeza hata neno moja la uongo.

Hadi hapa nimezungumzia habari za kweli zilizokatwa vipimo vyake. Zipo pia zisizo na kipimo kabisa, na hizi nazo husafiri kwa raha. Mwaka 1977 Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino waliwapa wanafunzi wa Marekani sentensi 60, za kweli na za uongo, wazipime kwa kiasi wanachoziamini. Zoezi lilifanywa mara tatu, wiki mbili mbili kati yake, na baadhi ya sentensi zilirudiwa. Zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa kila mara, hata zile za uongo. Wanafunzi hawakupewa ushahidi wowote. Walikuwa wamezisikia tu.

Mfano wa uongo unaosafiri hivyo unatoka kwa Mmarekani Fred L. Worth, mkusanyaji wa mambo madogo madogo, aliyetoa ensaiklopidia yake ya mambo hayo mwaka 1974. Katikati ya maelfu ya kweli alichomeka uongo mmoja kwa makusudi: kwamba jina la kwanza la Luteni Columbo, yule mpelelezi wa televisheni mwenye koti lililokunjamana, ni Philip. Wachora ramani huweka mtego wa aina hii, mtaa mdogo usiokuwapo, ili anayenakili ajulikane. Miaka kumi baadaye mchezo wa Trivial Pursuit ulikuwa umevamia Amerika Kaskazini, na katika kadi zake lilikuwamo swali la jina la kwanza la Columbo. Jibu la kadi: Philip.

Worth alikwenda mahakamani mwaka 1984 akidai dola milioni 300. Wabunifu wa mchezo walijibu bila kupepesa macho: naam, tulitumia vitabu vyake, pamoja na vya wengine. Jaji akawapa ushindi, na mwaka 1987 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Jambo la kweli halina mwenyewe, walisema majaji. Sheria hulinda jinsi ulivyoliandika na kulipanga, basi. Mtego ulikuwa umenasa vizuri, ila alichokifanya aliyenaswa hakikuwa kosa.

Philip anaendelea kutajwa hadi leo. Waliobuni kipindi walishikilia kwamba mhusika wao hana jina la kwanza. Lakini katika sehemu moja iliyorushwa mwaka 1971, miaka mitatu kabla ya kitabu cha Worth, Columbo anatoa kitambulisho chake na kamera inakisogelea. Ukiisimamisha picha hapo, sahihi inasomeka: Frank.