Hewa ya Bahari na Begi la Matairi

Maduka mengi ya mabegi ya Ngamiani, Tanga, yana sakafu ya vigae, na muuzaji anayeijua kazi yake hulisimamisha begi juu ya vigae hivyo akalisukuma kwa kidole kimoja likaenda lenyewe hadi mlangoni. Mteja huvutika. Rangi inang'aa, matairi manne yanageuka kila upande, bei inazungumzika. Lakini jaribio hilo halisemi lolote kuhusu maisha ya begi hilo katika mji huu. Kwa ninavyoona, begi la mtu wa Tanga, Pangani au Mkinga haliuawi na safari peke yake. Miezi linayokaa uvunguni au juu ya kabati, likingoja harusi ya Mombasa, msiba wa Dar es Salaam au safari ya Hija, ndiyo inayolimaliza zaidi. Kwa hiyo anayetaka begi la kudumu aanze kuichunguza hewa, barabara ifuate.

Hewa yetu ina chumvi. Mawimbi yanapovunjika kwenye matumbawe, mapovu hupasuka na kurusha vitone vidogo mno vya maji ya bahari. Maji hukauka, chembe za chumvi hubaki zikielea, na upepo wa kusi au kaskazi huzipeleka hadi kwenye mabati, nondo za madirisha na vyuma vya mabegi. Chumvi ikiwa kavu haina madhara makubwa. Tatizo ni kwamba unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 75, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani yenyewe hadi ikayeyuka. Ndiyo maana watu wa mwambao hutia punje za mchele ndani ya kichupa cha chumvi. Tanga asubuhi nyingi hupita kiwango hicho, hata pasipo mvua. Basi kile kivumbi cha chumvi kilichotua kwenye zipu hugeuka usiku kuwa utando mwembamba wa maji ya chumvi, jua likipanda kinakauka, usiku kinalowa tena. Begi halijatoka chumbani, na chuma chake kinaliwa kila siku.

Kinachoumia kwanza ni kichwa cha zipu. Meno ya zipu nyingi za mabegi ni uzi wa poliesta au nailoni uliosokotwa, nayo hayashiki kutu. Lakini kichwa kinachopita juu yake kwa kawaida ni mchanganyiko wa zinki uliopakwa utando wa metali nyingine ili ung'ae. Utando ukikwaruzika, metali mbili tofauti hukutana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake, na zinki huanza kulika. Begi lililokaa muda mrefu, hasa la mtumba, lipelekee mwanga wa simu chini ya kichwa cha zipu, pale kinapogusana na meno. Ukiona unga mweupe, hiyo ni zinki inayokwisha. Ukiona ukijani, ni shaba. Kichwa cha namna hiyo kitagoma siku ya safari, begi likiwa limejaa na gari linangoja. Zipu nzuri kwa pwani ni pana, ya meno ya plastiki au poliesta, na kichwa chake ni kizito mkononi, rangi yake haichubuki kwa kucha. Tena iwe imeshonwa kwa mishono miwili, kwa sababu fundi anaweza kubadilisha kichwa kwa dakika chache, ila zipu iliyochanika kwenye mshono humla siku nzima.

Adui mkubwa kuliko chumvi, hata hivyo, haonekani kabisa. Karibu kila nyumba ya pwani ina raba iliyohifadhiwa vizuri, haikuvaliwa sana, kisha siku ya kutolewa soli ikamomonyoka mikononi. Au mkoba wa ngozi ya bandia uliobanduka vipande vyeusi vikaganda kwenye nguo. Wengi husema ni bidhaa feki. Mara nyingi si feki, ni kemia. Vitu hivyo vimetengenezwa kwa poliuretani, plastiki laini ambayo minyororo yake ya molekuli, katika aina zake nyingi za bei nafuu, imeunganishwa kwa viungo vinavyoitwa esta. Molekuli ya maji ikiingia hapo huweza kukata kiungo, mnyororo mrefu ukawa vipande viwili. Kila kiungo kinachokatika hutoa asidi kidogo, na asidi hiyo huharakisha ukataji wa viungo vingine. Joto huongeza kasi. Kwa hiyo uharibifu unaanza polepole, unajificha, halafu unakuja wote kwa pamoja. Plastiki inakuwa kama lami inayonata, au inakuwa makombo.

Sasa fikiria ni wapi poliuretani inapatikana kwenye begi la safari: utando wa ndani unaozuia maji kwenye kitambaa, ngozi bandia ya mkono wa kushikia, sponji, na mara nyingi matairi yenyewe. Begi lililotengenezwa kwa ajili ya mteja wa nchi kavu na baridi linaweza kukaa stoo miaka mingi bila kudhurika. Likija kukaa Raskazone au Chumbageni, kwenye nyuzijoto 30 na unyevu usioisha, saa yake inakwenda mbio. Kibaya zaidi, kulitunza bila kulitumia hakuliokoi hata kidogo. Lile begi la fahari linalofungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili lisiingie vumbi limefungiwa pamoja na unyevu wake.

Upo uchunguzi mdogo unaoweza kuufanya dukani. Fungua begi, ingiza mkono nyuma ya bitana, sugua upande wa ndani wa kitambaa kwa kidole gumba. Kama kidole kinanata, au kinatoka na vumbi jeusi, au pana harufu kali ya uchachu, kazi imekwisha kuanza. Kisha bonyeza tairi kwa ukucha. Tairi zima hurudi lilivyokuwa, tairi lililoanza kuoza hubaki na alama ya ukucha au kutoa ufa mdogo. Mabegi ya mtumba yanahitaji uchunguzi huu kuliko mapya, lakini hata jipya linaweza kuwa limekaa kontena na ghala kwa miaka kabla ya kufika kwetu. Ukipata tairi la mpira wa kawaida mgumu, au la aina ya poliuretani inayotumia viungo vya etha badala ya esta, utadumu nalo zaidi, ila muuzaji hawezi kukutajia aina hiyo, kwa hiyo ukucha ndio utakaokupa jibu.

Ukubwa wa tairi ni hesabu nyingine, na hapa fizikia haina huruma. Chukua kizingiti au jiwe lenye kimo cha sentimita 1. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 5, linalovutwa kwa mlalo, litahitaji nguvu inayozidi kwa theluthi moja uzito wote lililoubeba ili lipande. Maana yake, kuliinua begi kwa mkono kungekuwa rahisi kuliko kulivuta. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 10 litapanda kizingiti kile kile kwa robo tatu tu ya uzito huo. Barabara ya vumbi kutoka nyumbani hadi kituo cha bajaji, kokoto za stendi ya Kange, mbao za gati: kote huko vizingiti vya sentimita 1 havihesabiki. Yale matairi manne madogo yanayogeuka kila upande yalibuniwa kwa sakafu za viwanja vya ndege. Kwenye mchanga yanazama, na chembe ngumu za mchanga zikiingia kwenye beringi zinasaga chuma mpaka tairi ligome. Kwetu mimi ningechukua matairi mawili makubwa yaliyofichwa nusu ndani ya mwili wa begi.

Begi la matairi lenyewe si la zamani kama tunavyodhani. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza yake mwaka 1972, kwa sanduku lenye matairi manne linalovutwa kwa mkanda kama mbuzi. Rubani Robert Plath akaja mwaka 1987 na wazo la kulisimamisha juu ya matairi mawili na kulitia mkono mrefu unaoingia na kutoka. Kila anayelivuta anajua pia kasoro yake: ukiharakisha, begi huanza kuyumba kulia na kushoto mpaka linapinduka. Watafiti wa fizikia mjini Paris walilichunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Jibu lao linapingana na silika ya kila msafiri. Begi likianza kuyumba, kupunguza mwendo hakusaidii, kunaongeza ukubwa wa yumbo. Ongeza mwendo, au lilaze zaidi kuelekea ardhini. Na kwa sababu kinachoanzisha yumbo mara nyingi ni tairi moja kupanda kitu kabla ya jingine, kokoto zetu hutoa nafasi nyingi za kulijaribu jibu hilo.

Gamba gumu au kitambaa? Magamba ya bei ya chini mengi ni ya plastiki iitwayo ABS. Ni nyepesi na inapokea rangi vizuri, lakini jua huishambulia sehemu yake ya kimpira, nayo hukauka, hubadilika rangi kuwa njano, kisha hupasuka kwenye pembe. Polikaboneti, iliyobuniwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, hubonyea na kurudi. Ndiyo inayostahimili kulaliwa na magunia kwenye buti la basi. Ibonyeze katikati ya ubavu kwa kiganja: ikitoa mstari mweupe, hiyo ni nyufa ndogo na begi halifai. Polipropilini karibu hainywi maji kabisa, kwa hiyo inaipenda pwani, na ndiyo plastiki ile ile ya mifuko ya shangazi kaja inayoonekana kila stendi. Lakini ikifika kwenye baridi ya chini ya sifuri inaweza kuvunjika kama kigae, na mwenye ndugu Canada au Norway akumbuke hilo kabla ya kununua sanduku la aina ya bei nafuu.

Kwa kitambaa, ninapendelea poliesta kuliko nailoni. Nailoni ni imara zaidi inaposuguliwa, lakini hunywa maji mengi na jua huidhoofisha, ilhali poliesta hunywa chini ya asilimia moja ya uzito wake. Tarakimu inayoandikwa kwenye lebo, 600D au 1680D, ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa ni uzi mnene, si lazima kitambaa bora, maana ufumaji na utando wa nyuma una uzito wake katika jambo hili. Anayeruka kwa ndege ndogo kutoka Tanga kwenda Pemba au Unguja hana la kuchagua: ndege za aina ya Cessna Caravan hubeba mizigo kwenye matundu yenye umbo la ajabu, na mashirika huagiza mfuko laini, aghalabu wa kilo 15. Kwenye ndege kubwa zinazoruhusu kilo 23, sanduku tupu lenye kilo 5 limekwisha kula zaidi ya sehemu moja ya tano ya haki yako kabla hujatia kanga moja.

Wazee wetu walikuwa wamelitatua suala la hewa muda mrefu. Sanduku la msaji la mwambao lina misumari ya shaba ya manjano, ambayo hailiwi na kutu kama chuma, na mbao zake zina mafuta ya asili yanayofukuza kuvu na mchwa. Msaji huo huo unastawi leo katika shamba la miti la Longuza, Muheza. Lakini kinachonivutia zaidi ni miguu yake. Sanduku lile halikulala sakafuni. Hewa ilipita chini yake, na sakafu ya chokaa inayotoa unyevu haikuligusa. Tranka la bati la mwanafunzi wa bweni halina miguu, na ukiligeuza utaona kutu imeanzia chini, kwenye kona.

Hivyo begi likirudi safarini, lifutwe kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, zipu na matairi hasa, kisha likauke kivulini. Liwekwe juu ya vipande viwili vya mbao, zipu ikiwa wazi nusu, bila kufunikwa kwa nailoni. Mwezi usio na mvua litolewe barazani siku moja lipate upepo.

Na kabla hujalipa, ligeuze kichwa chini. Tairi lililofungwa kwa skrubu fundi ataling'oa na kuweka jingine, lililofungwa kwa ribiti litamlazimu atoboe, na lililoyeyushiwa kwenye gamba halibadilishwi. Vuta mkono wake hadi mwisho, utikise. Kama bomba zake zinapigana, mchanga utaingia humo ndani ya safari chache. Kisha tafuta bitana yenye zipu yake ndani, inayomwezesha fundi kufika kwenye mifupa ya begi bila kuichana. Baadhi ya mabegi ya bei ya juu hayana zipu hiyo, na baadhi ya yale ya kawaida yanayo.