Risasi ya porini na ya shabaha: kipi kweli, kipi uongo

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, kwa hiyo mwenye raifo halali huko hupigia shabaha tu. Tanzania mtu mwenye leseni na kibali anaweza kufanya yote mawili, na ndipo ubishi wa kaliba unapoanza. Mengi yanayosemwa kwenye ubishi huo hayana ukweli, na anayeyalipia ni mnyama.

"Kaliba kubwa ndiyo salama. Hata ukikosea kidogo, mnyama ataanguka."

Uongo, tena uongo mbaya. Swala pala aliyepigwa tumboni kwa .375 atakimbilia kichakani akafe taratibu, sawa na aliyepigwa tumboni kwa risasi nyembamba. Kinachoua upesi ni risasi kupita kwenye moyo au mapafu.

Zaidi ya hapo, kaliba nzito humharibu mpigaji mwenyewe. Mwombe mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi za kweli na zile za mazoezi zisizolipuka, asikuambie zipo wapi. Ikifika zamu ya ile isiyolipuka, kila aliye kando ataona mdomo wa mtutu ukichovya chini na bega likisukuma mbele. Mwili umeshaanza kuogopa teke kabla halijaja. Hofu hiyo haiondoki kwa kujikaza. Huondoka kwa kupiga risasi nyingi zisizoumiza bega, na hapa .308 Winchester au 6.5 Creedmoor huzishinda kwa mbali kaliba za magnum.

"Risasi inayopiga vizuri kwenye karatasi itaua vizuri pia."

Uongo, na hapa ndipo wapiga shabaha hodari wanapokosea wakiingia porini. Chukua kichwa cha risasi ya mashindano ukitazame kwa karibu. Kwenye ncha kuna kitundu kidogo kama cha sindano. Wengi hudhani kimewekwa ili risasi ipanuke ndani ya nyama, kumbe ni alama tu ya utengenezaji: gamba la shaba hujazwa madini laini ya risasi kupitia nchani, kisha ncha hubanwa. Kikiingia mwilini, kichwa hicho mara hupita bila kupanuka, mara hupasuka vipande kwenye mfupa wa bega kabla ya kufika mapafuni. Huwezi kujua lipi litatokea.

Kichwa cha uwindaji kimeundwa kufunguka. Ncha yake laini huchanua hadi karibu mara mbili ya upana wake huku kitako kikibaki kizima kuendelea kuzama. Kwa hiyo bunduki moja inafaa kazi zote mbili, lakini maboksi ya risasi yawe mawili.

".308 imepitwa na wakati, sasa ni 6.5 tu."

Inategemea umbali. 6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007, ina kichwa chembamba na kirefu kinachopenya hewa vizuri. Kwenye mita 800 au 900 upepo huisukuma kidogo kuliko .308, na mpigaji wa masafa hayo ana haki ya kuipenda. Lakini kongoni hapigwi mita 800. Chini ya mita 200 tofauti ya kushuka kwa risasi hizi ni sentimita chache. Halafu mtutu wa .308 hudumu zaidi kabla baruti haijaula, jambo zito kwa anayefanya mazoezi kila wiki. Na kaliba hii ya 1952 bado ina uwanja wake: daraja la mashindano liitwalo F-TR huruhusu .308 na .223 tu. Kwa mtu wa bunduki moja, mimi ningechagua .308.

"Bell aliua tembo kwa risasi nyembamba, basi nyati atatosheka na 6.5."

La kwanza ni kweli. W. D. M. Bell, mwindaji aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya Karamoja ya Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa 7x57. Lakini alipasua mafuvu kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, na alitumia vichwa vigumu visivyopanuka. Mgeni wa wiki moja hana elimu hiyo. Kwa nyati Tanzania huanzia .375, na mwindaji bingwa anayekuongoza hatakubali chini ya hapo. Nyati hana risasi ya kushirikiana na karatasi. Atafutiwe bunduki yake.

"Ukibadilisha aina ya risasi, darubini haiguswi."

Uongo. Vichwa viwili vya uzito uleule, kutoka viwanda viwili, vinaweza kupiga sentimita kadhaa mbali kimoja na kingine kwenye mita 100. Kabla ya kuingia kwenye kitalu cha uwindaji, tundika karatasi, piga tatu za boksi lile utakalowindia, urekebishe darubini, na boksi la mashindano libaki kambini.