Gavana aliyeshindwa na Rais: Maisha ya Mtei na somo kwa soko la Mpondwe

KASESE. Siku ya soko mjini Bwera, anayevuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kasindi hubeba fedha za aina mbili au tatu: faranga za Kongo, dola na shilingi ya Uganda. Kila zinapobadilishwa, faida kidogo hubaki mkononi mwa mbadilishaji.

Miaka 60 iliyopita, kuanzia Bwera hadi Mombasa na Dar es Salaam, shilingi ilikuwa moja. Miongoni mwa watu walioshuhudia kwa karibu ikivunjika ni Edwin Mtei.

Mtei alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932. Utotoni alichunga mbuzi, kisha akasoma hadi Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Mwaka 1966, nchi tatu zilipoachana na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, Rais Julius Nyerere alimteua kuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania. Alikuwa na umri wa miaka 33. Benki hiyo ilifunguliwa Juni. Ya Uganda ikafuata Agosti na ya Kenya Septemba.

Mwaka 1974 alihamia Arusha kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aliikuta mgonjwa mahututi. Tangu Idi Amin apindue serikali mwaka 1971, Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na kikao cha marais hakikufanyika tena. Jumuiya ilikufa mwaka 1977.

Kasese iliguswa moja kwa moja. Reli iliyofika hapa mwaka 1956 na kusafirisha shaba ya Kilembe ilikuwa sehemu ya shirika la pamoja la reli. Shirika hilo lilipogawanywa, kila nchi ilibaki na kipande chake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, treni za Kasese zilikuwa zimekoma.

Kutoka Arusha, Mtei aliingia bungeni akiwa Waziri wa Fedha. Vita vya kumng'oa Amin vilikausha hazina, na bei ya kahawa ilikuwa imeshuka. Mtei aliona Tanzania haina budi kuafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ikiwamo kushusha thamani ya shilingi. Nyerere alikataa. Desemba 1979, Mtei alijiuzulu.

Hakuishia hapo. Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejea, alikuwa mwasisi na mwenyekiti wa kwanza wa Chadema. Aliyempokea kiti hicho, Bob Makani, naye aliwahi kuwa naibu gavana.

Ugomvi wa 1979 haujapitwa na wakati. Mwaka 2013, viongozi wa Jumuiya mpya walitia saini jijini Kampala itifaki ya sarafu moja. Lengo la mwaka 2024 limesogezwa hadi 2031, na Kongo imejiunga tangu 2022.

Sarafu moja ina maana kwamba hakuna rais atakayeamua peke yake thamani ya fedha ya nchi yake. Nyerere hakukubali kuamuliwa jambo hilo na watu wa nje. Marais wa leo watalazimika kuamua kama watakubali kuamuliwa na majirani. Hadi hapo, mfanyabiashara wa Bwera ataendelea kulipia gharama ya kubadilisha fedha kila siku ya soko.