Kishikwambi ni Usukani, Nahodha ni Mwanamuziki

IYUNGA, MBEYA

Tangu Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, neno kishikwambi halihitaji tena kufafanuliwa. Makarani walipita nacho nyumba kwa nyumba, Bara na Visiwani, na kazi hiyo ilipokwisha, vingi vikakabidhiwa kwa walimu. Wananchi wakazoea kukiona kuwa ni daftari la kuhesabia watu na msaidizi wa mwalimu darasani. Leo tunapenda kulieleza jambo ambalo viongozi wengi wa utamaduni hawajalipa uzito unaostahili. Chombo cha namna hiyohiyo kimekwisha kupanda jukwaani, na kinaongoza muziki mbele ya hadhira.

Tuseme mapema, ili pasitokee kisingizio, kwamba hatutoi rai vishikwambi vya Serikali viende harusini. Mali ya umma ina kazi yake na ina mlinzi wake. Tunazungumzia chombo chenyewe, ambacho sasa kimo madukani na mikononi mwa vijana, na tunauliza swali moja tu. Kikiingia katika bendi zetu, vikundi vyetu vya taarabu na kwaya zetu, je, kitawatumikia wapigaji wa ala au kitawaondoa jukwaani?

Watu wengi hudhani kuwa kishikwambi ndicho kinachotoa sauti. Chaweza kufanya hivyo, lakini katika kazi hii tunayoisema sauti hutoka katika kompyuta au kinanda cha umeme kilichowekwa kando, na kishikwambi hutuma amri tu. Kidole kikigusa kioo, ujumbe mfupi hupelekwa: sauti ipi ilie, kwa nguvu gani, ipande au ishuke. Fundi mitambo naye aweza kukitumia kurekebisha vipaza sauti huku akitembea katikati ya watazamaji, asikie kile wanachosikia wao, badala ya kukaa pahali pamoja nyuma ya meza yake. Kwa mfano ulio karibu na watu wa visiwani, kishikwambi ni usukani. Hakiendeshi jahazi kwa nguvu zake wala hakijui bandari, bali kinatii mkono.

Lugha ya amri hizo si ngeni. Mwaka 1983 watengenezaji wa ala za umeme wa Marekani na Japani, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi wakiwa mstari wa mbele, walikubaliana juu ya utaratibu uitwao MIDI, ili kinanda cha kampuni moja kiweze kukiamuru kinanda cha kampuni nyingine. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley wakatoa utaratibu mwingine, OSC, unaopitisha amri za muziki katika mtandao wa kompyuta. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya JazzMutant ya Bordeaux, Ufaransa, ikauza kioo cha kuguswa kwa vidole vingi kilichoitwa Lemur, kwa bei iliyowashinda wanamuziki wengi. Kampuni ya Apple ilipotoa iPad mwaka 2010, kazi ya kioo hicho maalumu iliweza kufanywa na kifaa cha kawaida, na Lemur yenyewe hatimaye ikageuzwa kuwa programu ya iPad.

Historia hiyo fupi ina funzo kwa nchi kama yetu. Kwa kuwa kazi ya kishikwambi ni kutuma amri nyepesi, si lazima kiwe kipya wala cha bei kubwa. Kile ambacho mwenyewe amekiona kimezeeka kwa kazi nyingine, jukwaani chaweza kuishi miaka mingine. Aidha zipo programu za kutengeneza muziki zisizolipiwa, kama vile Pure Data, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1990 na ambayo mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kujifunza.

Hata hivyo, mgeni huyu ana kasoro zake, na haifai kuzifumbia macho. Kasoro ya kwanza ni ucheleweshaji. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mpigaji aliye umbali wa mita 3.4 na kipaza sauti huisikia baada ya sehemu ya mia moja ya sekunde. Uchelewaji kama huo wanamuziki wameuzoea. Lakini kishikwambi kinapotuma amri kwa mtandao usio na waya, katika uwanja wenye mamia ya watu na simu zao mfukoni, amri zaweza kuchelewa zaidi ya hapo, na ubaya wake ni kwamba hazicheleweshwi kwa kipimo kimoja. Moja huwahi, nyingine hukawia.

Tuchukue mfano wa singeli, muziki wa vijana wa Dar es Salaam uliojulikana zaidi nje ya nchi tangu mwaka 2017, kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa santuri ya Sounds of Sisso. Mwendo wa singeli hupita mapigo 200 kwa dakika. Ukifika 240, kila pigo huchukua robo ya sekunde, na robo ya pigo hilo ni milisekunde zipatazo 62. Amri ikichelewa milisekunde 30 tu, imekwisha kupotea karibu nusu ya nafasi iliyo baina ya mpigo mdogo na mwingine, na mchezaji mwenye sikio ataona miguu yake inadanganywa. Dawa yake inajulikana. Kishikwambi kiunganishwe kwa waya pale inapowezekana, au kiwe na mtandao wake peke yake usiochanganywa na wa watazamaji, na yale mapigo yanayohitaji usahihi yaachiwe ngoma na mkono wa mpigaji.

Kasoro ya pili ni ya kimaadili, nayo ni nzito zaidi. Kioo chaweza kuamuriwa kwa kidole kimoja kifungue wimbo mzima uliorekodiwa, na yule aliyelipwa kwa kupiga akabaki kuchezesha mikono. Mtazamaji aliyekata tiketi amedhulumiwa. Mpiga fidla aliyeachwa nyumbani amedhulumiwa pia, na aghalabu yeye ndiye aliyepiga ile sauti iliyorekodiwa. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 katika mji wa Unguja, lilijipatia heshima kwa kushikilia kwamba muziki upigwe moja kwa moja. Msimamo huo haupingani na mitambo. Kinachopimwa ni kama mtu aliye jukwaani anaamua sauti ilie vipi wakati huohuo inapolia. Akiamua, anapiga muziki, hata kama ala yake ni kioo. Asipoamua, anauza kivuli.

Sasa tuingie katika jambo linalowahusu hasa ndugu zetu wa visiwani. Kinanda cha umeme, kama kilivyotoka kiwandani, hugawa safari ya kutoka sauti moja hadi mwenziwe wa juu katika hatua 12 zilizo sawa. Taarabu ya asili haikukulia humo. Maqamu kama Rast, Bayati na Sika zina sauti zinazokaa baina ya hatua hizo, na sisi tuliokaa chuoni kwa mwalimu tulizisikia katika visomo na maulidi kabla hatujajua kuwa zina majina. Mpiga udi na mpiga fidla huzipata kwa kidole, kwa sababu shingo za ala hizo hazina vizuizi. Mpiga ganuni huzipata kwa kuinua na kushusha vyuma vidogo vilivyo pembeni mwa nyuzi. Hizo ndizo sauti za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na za zama za Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928.

Vinanda vya umeme vilipoenea katika taarabu ya kisasa miaka ya 1980 na 1990, kazi ilirahisika na gharama ikapungua, lakini sauti za katikati aghalabu ziliachwa njiani. Vipo vinanda vinavyoweza kurekebishwa, ila wengi hupiga kama walivyovikuta. Kizazi kizima kimelelewa na hatua 12, na wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa.

Hapa ndipo kishikwambi kinapoweza kuwa na manufaa ambayo kinanda hakikuwa nayo. Kioo hakina vibonye vilivyochongwa na mtu wa mbali, na mwenye kukiandikia programu ndiye anayepanga sauti zikae wapi. Utaratibu wa MIDI una ujumbe wa kupinda sauti wenye hatua 16,384, na mwaka 2018 watengenezaji walipitisha nyongeza inayokipa kila kidole upindaji wake. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuwa na ukurasa wa kioo wenye Rast na Bayati, ambapo kidole huteleza kama kinavyoteleza juu ya waya wa fidla. Hakitakuwa ganuni. Kioo hakina msuguano wa uzi, na mpigaji hulazimika kukitazama kwa kuwa vidole haviwezi kupapasa njia. Lakini kwa kijana asiyeweza kununua ganuni, ni mlango wa kurudia masikio ya babu zake.

Msomaji wa Unguja au Pemba atauliza, Iyunga ina nini katika habari hii? Kata hii ya Jiji la Mbeya iko mbali na bahari. Kinachopita hapa ni reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Tunduma. Lakini ipo Shule ya Sekondari ya Ufundi Iyunga, na upande huuhuu wa jiji kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi. Iringa nako ipo Ifunda, yenye jina la siku nyingi katika elimu ya ufundi. Vijana wa umeme na kompyuta wamo katika madarasa hayo, na nje ya madarasa zimo kwaya na ngoma za Wasafwa na Wanyakyusa, ambazo nazo hazikuzaliwa katika kinanda cha kiwandani. Visiwani kipo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambako ganuni na udi hufundishwa, na kipo Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Karume, Mbweni. Upande mmoja una mikono ya kuandika programu, upande mwingine una masikio ya kusema sauti hii imekaa na hii haikukaa. Kuwakutanisha ni kazi ndogo kuliko nyingi tulizokwisha kuzifanya katika Muungano huu.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, ofisa anayenunua vifaa vya kituo cha utamaduni aulize kabla ya kutia saini: ni nani atakayekipiga chombo hiki, ataunganishwa kwa waya au la, na umeme ukikatika bendi itaendelea na nini? Pili, Baraza la Sanaa la Taifa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar yahimize mikataba ya maonyesho inayotaja waziwazi kama muziki utapigwa au utafunguliwa tu, na mwenye sauti iliyonakiliwa apate haki yake kwa mujibu wa sheria za hakimiliki za kila upande. Tatu, shule na vyuo vya ufundi viupokee muziki kuwa somo la vitendo, na kazi ya kwanza ya wanafunzi iwe kuandika kurasa za vishikwambi zenye maqamu na mapigo yetu, zitolewe bure kwa vikundi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kishikwambi kimekwisha kubisha hodi, na hatuwezi kujifanya hatusikii. Tukikipokea kwa kuwapunguza wapigaji, tutabaki na majukwaa yenye taa nyingi na watu wachache. Tukikiweka mikononi mwa wanaojua sauti zao zilikotoka, kitatufikisha. Viongozi wa utamaduni na wa elimu wa pande zote mbili wakae meza moja kabla ya bajeti ijayo ya vifaa, siyo baada ya vifaa kuwasili.