Mvua ya Aprili kutoka Mbau hadi Muscat

Mwezi wa Aprili, kando ya barabara ya Taifa namba 4 inayotoka Beni, mashariki mwa Kongo, kwenda Oicha na Komanda, mabashi ya plastiki hutandazwa tangu asubuhi na kakao huanikwa juu yake. Mbegu hizo zimeshachachushwa siku tano hadi saba. Sasa zinahitaji takribani wiki nzima ya jua ili unyevu wake ushuke hadi asilimia 7 hivi. Zikilowa kabla ya hapo huota ukungu, na mnunuzi hukata bei bila huruma. Ndiyo maana anayezianika pale Mbau, kwenye barabara hiyo, hafanyi kazi nyingine kwa utulivu: kila baada ya muda jicho linakwenda mashariki, upande wa Ruwenzori, kuangalia kama mawingu yameanza kujipanga. Ikifika saa nane au saa tisa mchana yanaweza kuangusha mvua kubwa Oicha, kilomita chache tu kaskazini, na Mbau isipate hata tone. Kesho yake ni zamu ya Mbau, na Oicha ni jua tupu.

Wenyeji wa nchi za baridi hulalamikia majira yao ya kuchipua kwa maneno yale yale: hali ya hewa haieleweki, asubuhi hivi, jioni vile. Mbau haina majira ya kuchipua. Iko juu kidogo tu ya Ikweta, na urefu wa mchana karibu haubadiliki mwaka mzima. Lakini miezi ya Machi, Aprili na Mei ina vurugu zake huku pia. Tofauti ni kwamba kisichojulikana Brussels sicho kisichojulikana Muscat, wala sicho kinachomsumbua mkulima wa Beni.

Tuanze na Ulaya, waliko Wakongo wengi. Mwezi wa Machi, mchana wa Brussels huongezeka kwa karibu dakika nne kila siku. Jua linapata nguvu na ardhi inaanza kupata joto, lakini ncha ya kaskazini ya dunia bado imejaa baridi iliyobaki kutoka msimu uliopita. Hewa hizo mbili hukutana juu ya Ulaya, na mpaka kati yao hupanda na kushuka ukifuata mkondo wa upepo mkali unaopita kilomita kama kumi angani. Mpaka ukisogea kusini, baridi inarudi. Mwaka 2021 Paris ilipita nyuzi 25 za joto siku za mwisho za Machi. Haikufika siku kumi, jalidi ikashuka na kuunguza machipukizi ya mizabibu na miti ya matunda karibu Ufaransa nzima. Kinachosumbua huko ni joto au baridi. Kwa upande mwingine, mifumo hiyo ni mikubwa, ina upana wa mamia ya kilomita, na watabiri huiona ikija siku kadhaa mapema. Wakulima wa Ufaransa walijua usiku gani wa kuwasha moto mashambani. Walichoshindwa ni kuiokoa mizabibu yote.

Oman, ambako Kiswahili bado kinasikika majumbani, swali ni jingine: je, mwaka huu itanyesha kabisa? Muscat hupata kwa wastani milimita zisizofika 100 za mvua kwa mwaka. Halafu katikati ya Aprili 2024 mawingu ya radi yalipita Ghuba, mabonde makavu ya Oman yakageuka mito na kuua watu, wakiwemo watoto wa shule. Tarehe 16 Aprili, kituo kimoja eneo la Al Ain, Falme za Kiarabu, kilipima milimita 254.8 ndani ya saa 24. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko chochote kilichoandikwa nchini humo tangu vipimo vianze mwaka 1949. Kule wastani haumsaidii mtu, kwa sababu mvua ya miaka miwili inaweza kuanguka kabla ya jua kuzama.

Pwani ya Afrika Mashariki, wasiwasi ni tarehe. Kaskazi inapolegea na kusi kabla haijashika, kati ya Machi na Mei, ndipo masika hunyesha Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huifuata El Niño na joto la Bahari ya Hindi kwa kiasi ambacho watabiri wanaweza kuisoma miezi kabla. Masika ni kaidi zaidi. Mwaka 2018 yaliijaza Kenya mafuriko. Mwaka 2019 yalichelewa hadi mahindi yakakauka kwenye mistari. Sehemu ya maelezo iko kwenye vimbunga. Machi 2018, Dumazile na Eliakim vilikuwa upande wa mashariki wa Madagaska, na pepo za magharibi zikavuta hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo hadi nyanda za juu za Kenya. Machi 2019 kimbunga Idai kilikaa kwenye mlango-bahari wa Msumbiji na kuipiga Beira, na unyevu ukaelekea huko. Kwa hiyo hewa inayonyesha Nakuru huenda ilipita juu ya misitu ya Ituri na Beni siku chache kabla.

Huko Beni kwenyewe hakuna kimbunga kinachoweza kufika. Kimbunga huhitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, na msukumo huo hutoweka kwenye Ikweta. Jalidi haipo, wala zile hewa mbili za Ulaya zinazogombania mpaka. Kilichopo ni jua linalopita utosini karibu na tarehe 20 Machi, msitu unaotoa mvuke, na milima. Ukanda wa mvua hulifuata jua kwa kuchelewa wiki kadhaa, hivyo mvua hukolea Machi hadi Mei, hupungua Juni na Julai, kisha hukolea tena kuanzia Agosti hadi Novemba. Hadi hapo mambo yanatabirika vizuri.

Ugumu unaanza ndani ya siku moja. Hewa ya chini hupashwa joto asubuhi, hupanda mchana, na wingu la radi huzaliwa pale itakapopata njia. Ni kama maji kwenye sufuria: mpishi anajua yatachemka, hajui povu la kwanza litapanda upande gani. Wingu la namna hiyo lina upana wa kilomita tano au kumi na huisha ndani ya saa moja au mbili. Kompyuta nyingi zinazotabiri hali ya hewa ya dunia hugawa ardhi kwa vipande vyenye upana wa kilomita kumi na zaidi. Kwenye kipande kimoja inaweza kuingia Mbau na mashamba yake yote, kwa hiyo utabiri wa simu husema “mvua ya radi” kila siku ya Aprili na hausemi zaidi ya hapo.

Milima nayo inazidisha tofauti. Beni iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari. Butembo, kilomita hamsini na kitu kusini, inakaribia mita 1,800. Joto hushuka nyuzi kama sita kwa kila mita elfu, kwa hiyo Butembo watu hutembea na makoti na hulima viazi na vitunguu, wakati Mbau kakao inastawi. Ukishuka mashariki hadi Kasindi na Ishango, kwenye bonde la Ziwa Edward, unakuta savana kavu yenye nyasi na swala, kwa sababu milima ya pande zote mbili imeshaikamua hewa unyevu wake. Mutwanga, mguuni pa Ruwenzori, haiko mbali na hapo, lakini ni kijani mwaka mzima. Kuzipita sehemu hizi zote ni safari ya siku moja tu kwa gari barabara ikiwa nzuri.

Nguvu ya mawingu haya si ya kubezwa. Uchunguzi wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliipa Kabare, Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Na tarehe 4 Mei 2023, Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, mvua ya siku moja iliporomosha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi na kuua zaidi ya watu 400. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko.

Kwa mkulima wa Mbau, kuna hesabu nyingine juu ya hiyo. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewafanya wengi washindwe kulala mashambani au kwenda kila siku. Kakao iliyoiva haingoji, na unyevu wa Aprili na Mei hueneza ugonjwa unaogeuza maganda kuwa meusi. Dawa yake ya kwanza ni kuchuma mara kwa mara na kuondoa maganda yaliyougua. Asiyeweza kufika shambani kwa wiki mbili za mvua hupoteza hata kama utabiri ulikuwa sahihi. Mwaka 2024, bei ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani, kila gunia lililooza lilikuwa hasara kubwa kuliko zamani.

Kinachoweza kusaidia si utabiri wa wiki. Desemba 2022 Ulaya ilirusha satelaiti ya kwanza ya kizazi cha tatu cha Meteosat, yenye chombo kinachoona radi mchana na usiku juu ya Ulaya na Afrika. Wingu likishazaliwa juu ya Ruwenzori, picha zake zinaweza kutoa onyo la saa moja au mbili, na huo ni muda wa kutosha kukunja mabashi. Onyo hilo lazima lipimwe ardhini, na bonde la Kongo ni kati ya sehemu zenye vituo vichache kabisa vya hali ya hewa duniani. METTELSAT, wakala wa taifa, haina vifaa vya kujaza pengo hilo peke yake. Kipimamvua cha mkono ni cha bei nafuu na mwalimu wa shule ya msingi anaweza kukisoma kila siku saa moja asubuhi. Vipimamvua vikiwekwa Mbau, Oicha, Mutwanga, Kasindi na Butembo, na namba zikatumwa kwa simu, baada ya misimu michache watabiri wataanza kuona ni mabonde gani hulowa kwanza, na kwa upepo wa upande upi.