Mama Alipokosa Habari

Usiku wa Jumatatu, tarehe 27 Januari 2025, mama alikaa jikoni kwetu hapa Ottawa na simu mbili mezani, yake na ya baba. Siku hiyo wapiganaji wa M23 walikuwa wameingia Goma, mji aliozaliwa. Umeme ulikuwa umekatika huko, intaneti pia, na mjomba, kaka yake mama, hakupatikana. Kila mama alipopiga alijibiwa na ile sauti ya mashine.

Karibu saa tano usiku picha iliingia kwenye kundi la familia. Ilionyesha mbingu nyekundu juu ya paa za mabati, na chini yake maneno matano: "Goma inawaka moto. Mungu atusaidie." Mama aliweka simu chini akajifunika uso kwa kikwembe chake. Baba alizima televisheni. Mimi, ninayesomea takwimu na niliyedhani naijua intaneti kuliko wote nyumbani, nilikaa nimeshika kikombe cha chai bila kujua la kufanya.

Saa nzima ilipita kabla sijaitambua picha ile. Haikuwa ya vita. Ilikuwa ya mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021. Niliikuta kwenye tovuti ya gazeti, na tarehe yake chini. Nikamwonyesha mama. Akasoma tarehe mara mbili, akashusha pumzi, kisha akaniuliza, "Sasa ya leo iko wapi?"

Sikuwa na jibu, na makala haya yametokana na swali hilo. Kwa nini picha ya zaidi ya miaka mitatu ilifika jikoni kwetu kabla ya habari ya siku yenyewe?

Sehemu ya jibu iko hapa hapa Ottawa, mwendo wa basi tu kutoka chuoni. Mnamo tarehe 22 Juni 2023 Sheria ya Habari za Mtandaoni ilikamilika katika Bunge la Kanada. Wengi waliijua kwa jina la mswada wake, C-18. Wazo lake si gumu. Zamani mtu aliyetaka kuuza gari au kutafuta mpangaji alilipia tangazo gazetini, na pesa hiyo ndiyo iliyomlipa mwandishi aliyekwenda kukaa mahakamani au kwenye kikao cha baraza la mji. Siku hizi matangazo yamehamia Google na Facebook, na gazeti limebaki na mwandishi asiye na mshahara. Basi serikali ikasema: kampuni kubwa zinazoonyesha kazi za vyombo vya habari zikae na wenye kazi hizo, wapatane malipo.

Meta, yenye Facebook na Instagram, ilijibu kwa hesabu yake. Ilisema habari ni chini ya asilimia 3 ya vitu ambavyo watu huviona Facebook, na kwamba magazeti yenyewe hupeleka linki huko kwa hiari, kwa sababu yanapata wasomaji bure. Kama sheria inadai malipo kwa kuwa na habari, njia ya kutolipa ni kutokuwa nazo. Tarehe 1 Agosti 2023 ikaanza kuziondoa kwa watumiaji wote walio Kanada. Na haikuondoa za Kanada peke yake. Vyombo vya nje navyo havionekani. Kwa hiyo gazeti la Dar es Salaam, gazeti la Nairobi na redio ya Kiswahili ya nje vilifungiwa mlango pamoja na magazeti ya Toronto, ingawa sheria haikutungwa kwa ajili yao.

Google ilichagua njia nyingine. Novemba 2023 ilikubaliana na serikali kutoa dola milioni 100 za Kanada kila mwaka. Mgawo wake ulipangwa hivi: shirika la umma la CBC lisipate zaidi ya asilimia 7, redio na televisheni nyingine zisizidi asilimia 30, na asilimia 63 iende kwa magazeti na vyombo vya mtandaoni. Kwa hiyo huwezi kusema sheria haikuzaa kitu. Imezaa pesa upande mmoja na ukimya upande wa pili.

Wengi walidhani Meta ingerudi haraka, kwa sababu ilishawahi kurudi. Februari 2021 Facebook iliondoa habari Australia, ikazirudisha baada ya wiki moja hivi, serikali ilipokubali kurekebisha sheria yake. Kanada ilipofungiwa, watu walisubiri wiki, kisha mwezi. Mlango haukufunguliwa.

Wiki mbili tu baada ya kufungwa, jambo likatokea. Moto wa msituni uliukaribia mji wa Yellowknife, kaskazini kabisa, na tarehe 16 Agosti 2023 watu wapatao 20,000 waliamriwa kuhama. Waliozoea kupashana habari Facebook hawakuweza kubandika linki za vyombo vya habari vya mji wao wenyewe. Wengine walipiga picha ya maandishi, wakaituma kama picha. Inasaidia, lakini picha ya namna hiyo inaweza kukatwa tarehe, na ukiibonyeza haikupeleki kwa aliyeandika. Ndivyo ilivyokuwa ile ya Nyiragongo.

Sisemi kwamba sheria ya Kanada ndiyo iliyotuletea uvumi. Uvumi ulikuwepo Goma kabla ya simu, na ulikuwepo Pwani kabla ya gazeti la kwanza. Nasema kwamba uvumi ulikuta kiti kiko wazi ukakaa. Watu wa rika la mama hawakuwa na desturi ya kuandika anwani ya tovuti. Walifungua Facebook, na habari zikawakuta humo katikati ya picha za harusi na mahubiri. Zilipoondolewa, hakuna aliyewaambia zimehamia wapi. Harusi na mahubiri vikabaki.

Tulipojadili suala hili kwenye mkutano wa klabu, nilisimama upande wa serikali. Mwalimu wetu akaniuliza swali moja: sheria inalipia uandishi au inalipia linki? Nikajikuta nahama nusu ya njia. Tatizo ambalo serikali ililiona ni la kweli, mwandishi hawezi kula linki. Lakini malipo yalifungwa kwenye kitu ambacho kampuni inaweza kukiacha kesho asubuhi bila hasara kubwa. Profesa Michael Geist, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Ottawa, alikuwa miongoni mwa waliopinga mswada huo mapema. Wakati ule nilimwona kama mtetezi wa matajiri. Leo sina uhakika huo.

Kuna jingine linalotugusa sisi wasema Kiswahili. Kwa kawaida chombo kinachotaka kufaidika na sheria hii kinatakiwa kiwe na waandishi wasiopungua wawili walioajiriwa Kanada. Katika jamii yetu, anayesoma habari kwa Kiswahili ni mtu mmoja sebuleni mwake, simu ameiegemeza kwenye kopo la maziwa, anatangaza baada ya zamu ya usiku. Hana mwajiriwa, yeye mwenyewe hajajiajiri. Hatapata kitu katika zile dola milioni 100.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kwingine wamepata dawa. Tanzania ilikwenda kinyume. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu apate leseni, na ada zake kwa jumla zilifika kama shilingi milioni 2.1, zaidi ya dola 900 za Marekani kwa wakati ule. Juni mwaka huo JamiiForums ilisimama kwa muda, na blogu nyingine zikanyamaza. Hapa serikali inamwambia tajiri amlipe mwandishi. Kule mwandishi ndiye aliyelipa ili aruhusiwe kuandika. Nia ni tofauti kabisa. Lakini msomaji aliyefungua simu yake asubuhi akakuta ukurasa mtupu, awe Mwanza au Ottawa, aliona kitu kile kile.

Basi mwezi Februari tulifanya kitu kidogo. Jumamosi moja klabu ilialika wazazi. Kulikuwa na chai, mandazi, na wanafunzi wanne wa kufundisha. Walikuja wazazi tisa. Tuliwaonyesha jinsi ya kuweka alama ya tovuti kwenye uso wa simu, ili gazeti lifunguke kwa mguso mmoja kama programu yoyote. Waliotoka Kongo tuliwawekea Radio Okapi, ambayo hutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za nchi, Kiswahili kikiwemo. Waliotoka Kenya na Tanzania tukawawekea Taifa Leo na Mwananchi. Kisha tukawafundisha kuitafuta asili ya picha kabla ya kuituma mbele. Mzee mmoja wa Bujumbura aliitazama simu yake kwa muda, akacheka. "Kumbe habari zina nyumba yao," akasema. "Mimi nilidhani zinakaa Facebook."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya suala zima, na nimesoma mengi. Tuliacha mwenye nyumba mmoja ashike funguo za habari zetu zote kwa sababu hakututoza kodi. Alipogombana na serikali, vitu vyetu vikabaki ndani. Hatuwezi kuwapatanisha, lakini tunaweza kujifunza njia ya kwenda kwenye nyumba yenyewe, na pale panapotakiwa malipo ya usajili, kulipa kama tunavyolipia filamu.

Mnataka kujua ya mjomba. Alipatikana Alhamisi, kwa simu ya jirani aliyekuwa amepata chaji kwenye betri ya gari. Wote wazima. Mama alilia, akacheka, akauliza kila mtoto kwa jina lake. Halafu mjomba, aliyekuwa Goma kwenyewe, hatua chache kutoka kwenye mambo ambayo dunia nzima ilikuwa inayaandika, akauliza, "Huko munasikia nini? Huku hatusikii kitu."

Mama alinyoosha mkono, nikampa kompyuta yangu. Akavaa miwani, akaanza kumsomea polepole, na kabla ya kila habari alianza kwa kumtajia tarehe.