Magari ya haibridi yaja, mafundi wa Tuala wamejiandaa?

MTU anayeingia Tuala akitokea Ongata Rongai, au akipitia upande wa Kitengela, haoni kiwanda chochote cha magari. Huona ploti zilizozungushiwa ua, nyumba mpya, na mifugo ikivuka njia katika ardhi ambayo zamani ilikuwa malisho matupu ya Wamaasai. Ng'ambo ya Mto Mbagathi ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi.

Hata hivyo, maisha ya eneo hili yanategemea magurudumu. Aliyenunua ploti hapa ili aepuke kodi ya nyumba jijini bado hurauka kwenda kazini Nairobi, Athi River au Kitengela. Husafiri kwa matatu, kwa bodaboda au kwa gari lake mwenyewe, na gari hilo, mara nyingi, ni mtumba kutoka Japani.

Swali linaloulizwa na vijana wengi wenye akiba kidogo ni hili: katika biashara hii ya magari, pesa ziko wapi?

Wengi hukimbilia kuuza magari. Lakini hesabu za uagizaji hazimwonei huruma mwenye mtaji mdogo. Tangu Julai 2023, ushuru wa forodha wa magari nchini Kenya ni asilimia 35. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, ambao kwa gari la petroli lenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500 ni asilimia 20, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16. Kila kodi hutozwa juu ya jumla iliyotangulia. Kwa hivyo gari lililokadiriwa kuwa na thamani ya Sh1 milioni bandarini Mombasa hufikia takriban Sh1.88 milioni hata kabla ya ada nyingine. Mtaji huo ukikwama katika gari lisilopata mnunuzi kwa miezi kadhaa, mfanyabiashara huumia.

Fursa ya mtu wa kawaida haimo katika siku gari linaponunuliwa. Imo katika miaka inayofuata, gari linapohitaji kutunzwa. Na hapo ndipo pengo kubwa linapojitokeza.

Kioo cha miaka minane

Biashara chache humruhusu mtu kuona mbele kama hii. Kenya hairuhusu gari kuukuu lenye zaidi ya miaka minane kuingia nchini, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) ndilo linalosimamia kanuni hiyo. Mwaka 2025, kwa mfano, yaliruhusiwa magari yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Kwa hesabu iyo hiyo, gari lililosajiliwa Japani mwaka 2023 litaweza kuingia Mombasa hadi mwisho wa 2030.

Maana yake ni kwamba anayetaka kujua gereji ya Tuala itapokea magari gani miaka ijayo hana haja ya kupiga ramli. Atazame tu Wajapani walinunua nini.

Walinunua haibridi, yaani magari yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Toyota ilizindua Prius nchini Japani mnamo Desemba 1997, ikafuata Aqua mnamo Desemba 2011. Nissan nayo ilileta Note ya e-Power mwishoni mwa 2016, ambayo injini yake haizungushi magurudumu kamwe. Kazi yake ni kuzalisha umeme tu, na mota ndiyo inayosukuma gari. Kufikia 2023, haibridi zilikuwa zimepita nusu ya magari mapya ya abiria yaliyosajiliwa Japani, ukiondoa yale madogo kabisa ya daraja la kei.

Magari hayo yameanza kufika. Yatakayofuata ni mengi zaidi.

Vumbi na volti

Fundi wengi wa jua kali walijifunza kazi kwa kumtazama fundi mkuu akifungua injini, na sikio lao hutambua ugonjwa wa gari kabla ya boneti kufunguliwa. Ustadi huo si wa kubezwa. Lakini hautoshi mbele ya haibridi.

Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vijisanduku 28, kila kimoja kikiwa na volti 7.2, jumla volti 201.6. Umeme huo waweza kuua. Nyaya zake hufunikwa kwa rangi ya machungwa ili kumwonya fundi. Kabla ya kuzigusa, yampasa azime gari, avae glavu maalumu zisizopitisha umeme, achomoe plagi ya usalama iliyo kwenye betri, kisha angoje takriban dakika kumi ili umeme uliosalia katika mitambo uishe. Asiyejua hatua hizi hacheza na kipuri tu, anacheza na roho yake.

Lipo pia tatizo linaloihusu Tuala moja kwa moja. Betri hiyo hupozwa kwa feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Kiangazi, vumbi la nyanda za Kajiado hupenya kila mahali. Vumbi likiziba feni, betri hupata joto na kuzeeka kabla ya wakati. Mwenye gari huambiwa betri imekufa na atafute nyingine kwa gharama kubwa, ilhali usafi wa feni kila baada ya muda ungaliweza kuirefushia maisha.

Hiyo ni biashara tosha. Kusafisha feni, kupima kijisanduku kimoja kimoja na kusoma kompyuta ya gari kwa mashine yake ni kazi zisizohitaji jumba kubwa. Zinahitaji vifaa, mafunzo na uaminifu. Uaminifu huo ni pamoja na kumweleza mteja ukweli kwamba kubadilisha kijisanduku kimoja kilichochoka kati ya vingine vikuukuu mara nyingi ni nafuu ya muda mfupi.

Umeme mtupu nao waja

Nyuma ya haibridi yanafuata magari yasiyotumia petroli kabisa. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, iliyo nafuu zaidi nyakati za matumizi madogo kama usiku. Mabasi ya umeme ya BasiGo na pikipiki za Roam zinaunganishwa papa hapa Kenya.

Kwa eneo lenye bodaboda kama Tuala, pikipiki huenda zikatangulia magari. Atakayejua kuzitengeneza, au kutoa mahali salama pa kuzichaji, atakuwa na wateja.

Hata hivyo, tahadhari yafaa. Petroli haitaisha kesho, na gereji itakayoacha kazi za kawaida za breki, springi na oili ili kungojea umeme itafungwa mapema. La busara ni kuongeza ujuzi mpya juu ya ule wa zamani.

Njia ya kujifunza ipo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwatahini mafundi na kuwapa vyeti. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, iliyozinduliwa mwaka 2024, inamlenga fundi ambaye hakuketi darasani lakini mikono yake inajua kazi. Vijana watatu au wanne wakichanga kununua mashine moja ya kupimia na glavu za usalama, mzigo huwa mwepesi kuliko wa mmoja kukopa peke yake.

Pia wasisahau ardhi wanayofanyia kazi. Oili chafu ikimwagwa ovyo, mvua huipeleka mtoni, na Mbagathi hunywesha mifugo na wanyamapori kabla ya kuungana na Athi. Betri kuukuu nazo hazifai kutupwa jalalani. Atakayezikusanya na kuzipeleka kwa wanaozichakata kihalali atakuwa ameziba pengo jingine.

Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Mafundi wa jua kali wa Tuala wamechuma juani miaka mingi. Magari watakayoyatengeneza mwaka 2030 yamekwisha kuundwa, na kwa sasa yamo katika barabara za Japani. Muda uliosalia kabla hayajafika ndio muda wa kujifunza.